Maji ya Kumwaga

Juma lililopita nilikuwa dirishani pa zahanati hapa Bagamoyo, nikingoja dawa ya kikohozi ya mama, alipofika bibi mmoja wa kijiji cha Mkange. Dresa, mganga msaidizi wa zahanati, alikuwa amepeleka chupa ya dawa ya bibi huyo ya mafua makali maabara, Dar es Salaam, na bibi alifuata majibu.

"Shikamoo, bibi," dresa alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Wamesemaje?"

Dresa alifunua karatasi. "Wametia vijidudu vya mafua ndani ya mayai ya kuku, wakatia na maji yako. Vijidudu havikufa. Dawa haifai."

"Maji?"

"Si yale uliyochemshia majani?"

Bibi alishika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili. "Chupa uliitaka wewe. Sisi tunamfunika mgonjwa shuka, anavuta mvuke wa chungu. Maji tunamwaga."

Mzee mmoja nyuma yangu akadakia, "Basi kayafunike mayai shuka, bibi!" Watu wakacheka.

Yeye hakucheka. "Ulinikataza nisimfukize mjukuu wangu mpaka majibu yaje."

"Basi mfukize tu, bibi, haina neno."

"Tumemzika Jumanne."

Dresa aliikunja karatasi, akaikunja tena, hata ikawa ndogo kama hirizi. Kisha akamwomba bibi alete majani yenyewe, ayapeleke maabara.

Kama mvuke ungemponya yule mtoto, mimi sijui. Watu wa maabara nao hawajui, ingawa wameshajibu, kwa kuwa walichopelekewa ni maji ya kumwaga.