Hasikii

Bitota alikuwa na masikio mawili kama watu wote, lakini la kushoto lilikuwa pambo tu. Lilipasuliwa mwaka 1958, akiwa na miaka tisa, na mwalimu aliyemkuta anatazama mjusi dirishani badala ya ubao. Kofi moja tu, la mkono wazi. Damu ilimchuruzika hadi kwenye kola ya gauni, na mwalimu akamwambia akanawe arudi haraka. Wiki iliyofuata mwalimu yule yule alimwita akiwa amesimama upande wake wa kushoto. Bitota hakuitika, akachapwa fimbo kumi kwa kutosikia kwa sikio ambalo mwalimu mwenyewe alikuwa amelitoboa. Baba yake, Mkasai aliyekuwa karani wa reli hapa Kamina, aliposimuliwa alisema mwalimu hapigi bure. Akaongeza mbili za kwake.

Naanza na haya asije mtu akadhani Bitota alikuwa mtakatifu. Alikuwa mtu wa hasira. Hasira ile ndiyo iliyomsomesha, ikampa diploma, ikamrudisha darasani akiwa mwalimu, katika shule moja ya msingi jirani na Base, kambi kubwa ya jeshi, ambako watoto wa wanajeshi walikuja na lugha za Zaire nzima mdomoni.

Kila Septemba mkurugenzi wa shule, sitwayeni Ngoie, aliwapanga watoto wapya mstari mmoja uani. (Siku zile sote tulikuwa masitwayeni, raia, hata waliokuwa wakitupiga mateke.) Vyeti vya kuzaliwa havikuwepo, kwa hiyo umri ulipimwa kwa mkono: mtoto apitishe mkono wa kulia juu ya kichwa ashike sikio la kushoto. Akilifikia, ametimiza miaka sita, aingie. Asipolifikia, arudi kwa mama yake. Ngoie alishikisha watoto masikio miaka kumi na mitano, na hata siku moja hakuuliza kama sikio linaloshikwa linasikia. Bitota alikuwa anasimama nyuma ya mstari na kifuniko cha sufuria, anakiachia kwenye saruji. Watoto wote wanagutuka. Asiyegutuka, jina lake linaingia daftarini.

Halafu alianza safari ya nyumba kwa nyumba, na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Lugha yetu ina ujanja wake: kusikia ni kwa sikio, na kusikia ni kutii. Mzazi akiingia ofisini akasema, "Mutoto yangu hasikiake," Ngoie alikuwa anafungua kabati na kutoa fimbo. Kwa hiyo Bitota aliwafundisha wazazi kusema, kwenye baraza zao, kama watoto wa darasa la kwanza.

"Usiseme hasikiake. Sema masikio yake ilikufa."

"Masikio yake ilikufa."

"Tena, kwa nguvu. Na usitoke mu biro ya mkurugenzi mpaka uone wino."

Wino ulitakiwa kwenye karatasi iliyoitwa fishi. Masista wa shule ya viziwi kule Lubumbashi hawakumpokea mtoto bila fishi yenye sahihi tatu: ya mkurugenzi, ya daktari, na ya baba. Mama mmoja wa Kabondo-Dianda alitembea siku mbili na mtoto mgongoni. Bitota akamtaka arudierudie yale maneno mpaka mama wa watu akalia, kisha akaingia naye ofisini na kusimama mlangoni ili Ngoie asipate njia ya kutoka. Walimwita Mama Masikio, wengine kwa heshima, wengine kwa kumcheka.

Na mtu huyo, fundi wa neno hilo, ndiye aliyelikosea.

Ilikuwa 1984. Darasa la tatu lilipata msichana aliyehamia na wazazi wake kutoka mkoa wa Equateur, jina lake Bolingo. Kwa Kilingala bolingo ni upendo, na sijui nani alikuwa na moyo wa kumpa mtoto jina hilo katika nyumba ile. Baba yake, Ajida Likoke (ajida ni cheo), alikuwa mwanajeshi mwenye mikono mirefu na subira fupi. Bolingo alikuwa na miaka tisa, na hakuitika jina lake kwa mtu yeyote. Kifuniko kilipoanguka nyuma yake hakugeuka. Bitota alikiangusha mara nne, kisha, kengele ikiwa inalia na watoto wakisukumana mlangoni, akachana karatasi, akaandika upesi na kumpa msichana ampelekee baba: *Bolingo hasikii. Naomba uje shuleni.*

Aliandika ukweli mtupu. Likoke aliusoma mlangoni, sare ingali mwilini. Miaka saba alikuwa akisema mtoto huyu hasikii, na leo hata shule imeandika. Alivua mkanda wa jeshi, ule wenye bamba la chuma, na hakuanza kwa miguu kama kawaida yake. Alianza kichwani. Bolingo akainua mkono wa kulia kujikinga, na bamba likauvunja chini ya kiwiko. Majirani walisikia mfupa. Likoke aliendelea mpaka alipochoka, kwa sababu mtoto hakuomba msamaha, na mtoto hakuomba kwa sababu hakujua kosa.

Baada ya wiki tatu mama yake alimrudisha shuleni. Mkono ulikuwa umepona vibaya, umepinda kama mpini wa jembe la zamani. Mama huyo aliitwa Abigaïl. Serikali ilikuwa imekataza majina ya kizungu, lakini yeye alipewa jina lake kanisani na hakuona sababu ya kumwachia rais. Akatoa ile karatasi kwenye kitenge.

"Madamu, njo weye, ni weye uliandika hii?"

Bitota aliutazama mwandiko wake mwenyewe. Akayasoma yale maneno mawili ya kwanza kwa sauti, kama baba alivyoyasoma. Kisha alimshika yule mama mikono yote miwili, akamwambia kuwa mtoto ni kiziwi, kwamba alimaanisha hivyo, na kwamba amekosa.

"Alipata surua wakati alikuwa na miaka mbili," Abigaïl alisema polepole. "Kisha pale hakuniitika tena. Nilizania iko na kichwa nguvu." Akamvuta mtoto karibu. "Bwana yangu ataua huyu mutoto, Madamu. Kama hapana mwezi huu, mwezi ingine."

Masista hawakupokea mtoto aliyetimiza miaka kumi, na Bolingo alikuwa anaitimiza Oktoba. Ilikuwa Julai. Ngoie alitia sahihi baada ya Bitota kumkalia ofisini siku mbili. "Weye ni ugonjwa," alimwambia, na Bitota akajibu kuwa ndiyo, na dawa yake ni wino. Daktari alitia yake bila ubishi, ila aliuliza mkono ulivunjwa na nini, na Bitota akaikunja fishi na kuondoka. Ikabaki ya baba.

Jumamosi moja mchana Bitota alikwenda kambini. Bolingo alikuwa uani kwenye kigoda, amewapa mgongo watu, akichambua sombe, majani ya muhogo, na kuyatupa kwenye beseni. Wanawake wa nyumba za jirani walikuwa wakianika nguo. Likoke aliingia akitoka zamu, bunduki begani.

"Weye njo Madamu ya barua," alisema.

"Njo minyi, Ajida. Na ile barua niliikosea."

"Haukukosea. Mutoto hasikiake. Sikio la kufa halisikii dawa."

"Njo vile nimekuja kukuambia. Sikio lake ilikufa. Alikuwa na miaka mbili. Weye unapiga sikio ya kufa."

Likoke alimpiga kwa mgongo wa mkono, shavu la kulia, na Bitota akaangukia ukuta. Mdomo ulijaa damu. Sikio lake zima lililia kama birika la chai. Aliogopa, nisimpe ushujaa asiokuwa nao: alitaka kukimbia. Lakini Likoke alipoinua mkono wa pili, hasira ya 1958 ikamkuta pale pale ukutani. Akageuza kichwa, akamtolea upande wa kushoto.

"Kama utapiga tena, piga huku. Hii, mwalimu mumoja aliisha kuiua. Ile ingine njo ninafundishia batoto benu."

Mwanamke mmoja kwenye kamba ya nguo aliangua kicheko, halafu akajiziba mdomo kwa shati lenye maji. Likoke alisimama na mkono juu. Kumpiga mtu anayekuonyesha pa kupiga hakuna utamu.

"Unaniita mwongo," Bitota alisema, akitema damu. "Mupime weye mwenyewe. Tupa kitu nyuma yake. Sufuria, jiwe, kitu unapenda."

Likoke hakutafuta sufuria. Alishusha bunduki begani, akaenda akasimama hatua mbili nyuma ya mgongo wa binti yake. Abigaïl alitokea mlangoni, akapiga yowe na kukimbilia pale, hakufika. Likoke alielekeza mtutu mbinguni na kufyatua.

Kambi yote ililala chini. Wanawake walijitupa juu ya nguo zao safi, kuku wakaruka hadi juu ya mabati, mtoto mchanga akaanza kupiga kelele nyumba ya tatu. Abigaïl alikuwa kifudifudi vumbini, mikono imeziba masikio. Bolingo alichuma jani, akaligeuza kuona kama lina wadudu, akalitupa kwenye beseni. Akachukua lingine.

"Bolingo," Likoke alisema. Kisha kwa sauti ya gwaride: "Bolingo!"

Jani lingine. Ndipo msichana alipoinua macho na kumwona jirani mnene aliyelala mbele yake, kitako juu, uso ndani ya beseni la sabuni. Akacheka. Alikuwa na kicheko kizito, cha mtu asiyewahi kukisikia chake. Aligeuka kumtafuta mwenzake wa kucheka naye, akamwona baba yake na bunduki inayofuka moshi, na kicheko kikakatika.

"Nzambe na ngai," Likoke alinong'ona. Mungu wangu. Alikaa chini uani, sare na yote.

Askari polisi wa jeshi walifika wakikimbia na kumfungia kasho, jela ndogo ya kambi, siku tatu. Hawakumfunga kwa mkono wa mtoto, maana hilo lilikuwa jambo la nyumbani. Walimfunga kwa kupoteza risasi ya taifa.

Bitota alimfuata huko na fishi, akaipitisha kwenye nondo za dirisha pamoja na kalamu. Shavu lake lilikuwa bado limevimba. Likoke aliisoma karatasi.

"Nilimupiga miaka saba," alisema. "Kila siku alikuwa ananiangalia tu. Nilisema ananizarau."

Bitota aliingiza kidole kati ya nondo, akamwonyesha mstari.

"Tia sahihi, Ajida."

Akatia.

Sasa usidhani alibadilika akawa mwanakondoo. Wiki ile ile aliyotoka alimpiga mkewe kofi kwa bukari (ugali) iliyopoa. Ila hakumgusa tena Bolingo. Alikuwa anamzunguka kwa mbali, kama mtu anayezunguka shimo alilolichimba mwenyewe. Siku moja alimletea pipi, akaiacha kwenye kigoda na kutoka nje. Bolingo aliila baada ya kuhakikisha ameshaondoka.

Wiki zilizobaki Bitota alimfundisha yale maneno machache ya mikono aliyoyajua kwa masista: maji, kula, mama, kesho. Msichana aliyadaka upesi kuliko mwalimu alivyoweza kuyakumbuka. Kule unakokwenda, Bitota alijaribu kumweleza kwa vidole vyake vizito, watu wote husema kwa mikono. Bolingo alimtazama kwa mashaka. Mikono aliifahamu tayari.

Mwanzoni mwa Septemba walipanda treni, Bolingo dirishani, mama yake na Bitota kando yake. Likoke alikuja stesheni peke yake, sare imepigwa pasi, akasimama mbali karibu na mizani ya mizigo. Gari lilipiga honi na watu wakaziba masikio, isipokuwa mmoja. Behewa likatikisika, likaanza kwenda. Likoke alipiga hatua mbili mbele, macho yake na ya binti yake yakakutana, na akainua mkono kumuaga.

Bolingo aliuona mkono unapanda. Upesi, bila kulia, akainama na kuurusha mkono wake uliopinda juu ya kichwa, vidole vikishuka mpaka kwenye sikio la kushoto, kama watoto wa Ngoie mstarini. Akabaki hivyo, amefumba macho, akingojea pigo.

Abigaïl alimkumbatia na kumgeuza upande mwingine. Bitota alichungulia nje. Likoke alikuwa bado pale, mkono hewani, asijue auweke wapi.