Mfuko Uliogeuzwa

Ukiniuliza mwezi wa kumi huanza lini hapa Mashimoni, Kibera, sitakutajia tarehe. Nitakwambia huanza siku ambayo Fundi Murunga anaacha kuilalamikia harufu ya omena wangu. Miezi mingine yote ni mtu wa maneno. Atakuchambua suruali uliyovaa, atakueleza nani aliishona vibaya na kwa nini. Tumekaa ubavu kwa ubavu miaka kumi na sita, yeye na cherehani yake, mimi na meza yangu ya samaki, na katikati yetu kioski cha maji. Lakini mvua za vuli zikikaribia, Fundi hunyamaza. Anakata shuka kuukuu za pamba, anashona mifuko midogo ya saizi ya pakiti ya unga, arobaini kwa jumla, na ukimsemesha anakuitikia kwa pua.

Mifuko hiyo ni ya ndege. Wateja wangu wakisikia hivyo hucheka, na mimi pia nilicheka mwanzoni. Basi nieleze kama alivyonieleza yeye. Kule pwani kuna hifadhi kando ya hori, mkono wa bahari uliozungukwa na mikoko. Kila mwaka, baridi ikianza kuuma huko Urusi na kwingineko kaskazini, ndege wadogo wa matopeni, chamchanga, huruka safari ndefu na kutua pale. Watu wa hifadhi hutega nyavu nyembamba kabla ya alfajiri. Ndege akinaswa hutolewa taratibu na kutiwa kwenye mfuko wa kitambaa, maana kwenye giza anatulia. Mifuko inaning'inizwa kwenye kamba, kila ndege akingoja zamu yake ya kupimwa na kuvishwa pete ya chuma yenye namba mguuni. Kisha anaachiliwa. Akishikwa tena siku nyingine, hapo au kwingine duniani, namba itasema ni yeye.

Fundi alianzaje mambo haya na yeye ni fundi wa kaptula za shule? Ni Dam, anasema. Alitoka Budalang'i akiwa kijana, akiacha mashamba ya mtama yaliyozamishwa na mto Nzoia, na alipofika Kibera alikuwa hana ndugu wa kumtembelea Jumapili. Basi baada ya kanisa alikuwa anashuka Nairobi Dam na kukaa. Wakati huo lilikuwa bwawa kweli, lenye maji ya kuonekana, na watu wenye pesa zao walikuwa wakicheza na mashua humo. Siku hizi ni magugu na takataka, hata mgeni ukimwambia pale palikuwa na maji anadhani unatia chumvi. Fundi akisimulia Dam ile ya zamani husimamisha mguu kwenye pedali. Anakumbuka mpaka mti aliokuwa akiuegemea, na mimi, ambaye sikumjua enzi hizo, najikuta ninaukosa mti ambao sijawahi kuuona.

Ni hapo alipokutana na Christine Nthenya, dada wa Kikamba aliyekuwa akihesabu ndege kwa darubini. Mkanda wa mkoba wake ulikuwa umekatika. Fundi alitoa sindano, ambayo hadi leo huichomeka nyuma ya kola, akaushona papo hapo. Christine akamtazama mikono, halafu akamuuliza kama anaweza kushona mifuko. Oktoba iliyofuata walisafiri pamoja na wenzake hadi pwani.

Miaka kumi na moja Fundi alienda. Siku kumi kila mwaka, duka limefungwa, wateja wananilalamikia mimi utadhani nimemuoa. Akirudi alikuwa mweusi zaidi na mwenye furaha ya kuudhi. Alikuwa akiniambia jinsi ndege anavyokuwa mwepesi mkononi, na jinsi moyo wake unavyopiga haraka mpaka unauhisi kwenye vidole. Alikuwa akishona nyavu zilizochanika huku jua likitoka, na Christine alimruhusu kumwachilia ndege wa mwisho kila asubuhi. Nilikuwa namkatiza, nina samaki wa kuuza. Sasa najuta kumkatiza.

Kisha mwaka mmoja, miaka tisa iliyopita, alirudi siku ya nne. Oktoba iliyofuata hakusafiri. Alishona mifuko yake arobaini, akaipeleka ofisi ya basi kama mzigo, akarudi kukaa. Imekuwa hivyo tangu hapo.

Jambo jingine lilianza mwaka huohuo. Ndani ya kifuniko cha cherehani yake, pale anapoweka bobini, aliandika kwa chaki namba ya tarakimu nne: 2744. Chaki hufutika, lakini kila Oktoba niliikuta imeandikwa upya. Nilimtania sana kuhusu namba hiyo. Nilisema ni mwisho wa simu ya mwanamke fulani wa Kawangware, maana huko ndiko anakonunua shuka zake, na anachagua zile zilizofuliwa mpaka zikalainika. Alikuwa akitabasamu na kufunga kifuniko.

Mwaka huu mambo yalibadilika kwa sababu ya macho. Niliona anatunga uzi mara tano, mara sita, anaulamba, anaukosa. Mwishowe aliweka sindano chini.

"Mama Jeremy, hii ndio ya mwisho," akasema. "Nikimaliza hizi arobaini, wacha watafute fundi mwingine. Macho yamekataa."

"Na namba yako? Nayo utaiachia nani?"

Nilisema kwa utani. Lakini hakutabasamu. Alifungua kifuniko akaitazama kwa muda, kisha akanieleza, na nadhani alinieleza kwa sababu alikuwa amechoka kuibeba peke yake.

Mfuko wa ndege haushonwi kama nguo. Nguo, mshono unaufichia ndani na upande mzuri unatazama nje. Mfuko wa ndege ni kinyume. Ukimaliza unauacha mshono nje, na nyuzi zake zote, ili ndani pawe laini na mguu wa ndege usikamatwe na chochote. Christine alimwonyesha hivyo tangu siku ya kwanza, na miaka yote alishona hivyo. Lakini mwaka ule walikuwa wanakuja wageni kutoka nje, wataalamu wakubwa. Fundi aliitazama mifuko yake arobaini kwenye meza, mishono imetokeza na nyuzi zinaning'inia, na akaona aibu.

"Niliona wazungu watasema huyu fundi gani," akaniambia. "Fundi gani anaonyesha watu mshono? Nikazigeuza. Nikazipiga pasi hata. Zilikuwa smart, Mama Jeremy. Zilikuwa smart kabisa."

Asubuhi ile nyavu zilijaa. Ndege walikuwa wengi, zamu ikawa ndefu. Walipofungua mfuko mmoja, chamchanga aliyekuwa ndani alikuwa amezungushiwa uzi kwenye kidole cha mguu, na kadiri alivyopapatika ndivyo uzi ulivyokaza. Christine aliukata kwa mkasi mdogo. Kidole kilikuwa kimekufa, cheusi. Wakamvisha pete kwenye mguu mzima, maana namba yake, iliyoishia 2744, ilikuwa imeshatayarishwa, wakamwacha aende. Alianguka kwenye mchanga, akachechemea, kisha akaruka kuelekea majini. Fundi hakujua kama alifika.

"Madam Christine hakunigombeza," akasema. "Alinipa tu mfuko nikaugeuza mwenyewe mbele yake. Afadhali angenigombeza. Nikapanda basi jioni hiyo."

"Na hujawahi kuuliza? Miaka tisa?"

"Nikiuliza niambiwe alikufa, nitashona hii kitu na mikono gani?"

Hapo ndipo nilipoelewa ule ukimya wa kila Oktoba. Alikuwa amejifungia nje ya mahali alipopenda kuliko pote, na ufunguo wake ulikuwa swali moja ambalo aliogopa kuuliza. Na sasa alikuwa anataka kuacha kabisa, azeeke bila kujua.

Mimi si mtu wa kuvumilia mambo kama hayo. Nimezaliwa kando ya ziwa, nimefiwa na mume, nimelea watoto wawili kwa omena, na jambo ninalolijua ni kwamba habari mbaya unaweza kuila na kesho ukafungua biashara. Kutojua ndiko kunakokula mtu.

Siku mbili baadaye aliniomba nimwandikie anwani juu ya mzigo, kwa sababu ya macho hayohayo. Kwenye karatasi aliyonipa ninakili, chini ya anwani, kulikuwa na simu ya Christine. Niliinakili kwenye kiganja changu. Alipoenda msalani nilipiga.

"Naitwa Adero," nikasema. "Mimi ni jirani ya Fundi Murunga, wa Kibera."

Sauti ya mwanamke ikauliza kwa upole: "Fundi amekufa?"

"Hajakufa, anashona. Nataka kuulizia ndege mmoja. Namba yake inaishia mbili saba nne nne."

Nilitegemea aniambie ningoje atafute kwenye vitabu vyao. Hakutafuta.

"Wa kidole," akasema. "Huyo tumemshika mara nne."

Nikakaa kwenye ndoo.

Alirudi mwaka uliofuata tu, Christine akaniambia. Kidole hakipo, lakini mguu ulipona ukawa mgumu, na matopeni anakimbia kama wenzake. Mara ya mwisho walimshika Novemba ya mwaka jana, mnene, amejaa mafuta ya safari. Miaka yote hiyo alikuwa anaenda Urusi na kurudi.

"Sasa mbona hamkumwambia huyu mzee?" Najua nilipandisha sauti, kwa sababu mteja aliyekuwa anachagua omena aliliacha bakuli.

"Mama, ni yeye aliondoka bila kuaga," Christine akasema. "Kila mwaka nikipata mzigo wake natafuta karatasi, labda ameandika kitu. Hakuna. Nilifikiri hataki kukumbushwa. Nilikuwa nangoja aulize."

Niliwakasirikia wote wawili, watu wazima wenye simu, wamekaa miaka tisa kila mmoja akimwonea mwenzake huruma kimyakimya. Kisha nikajikasirikia mwenyewe, kwa maana mimi nilikaa hatua chache kutoka kwake, naiona namba ile, na nilichofanya ni kumtania kuhusu wanawake wa Kawangware.

Fundi aliporudi sikuzunguka. Nilimwambia ndege wake yuko hai, ameshikwa mara nne, na nikamwambia nimepiga simu bila ruhusa yake, kama anataka kukasirika akasirike. Alikaa kwenye stuli, akaweka mguu kwenye pedali, na cherehani ikaanza kwenda. Ilienda na kwenda, sindano ikipanda na kushuka, na chini yake hapakuwa na kitambaa. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Mteja wa omena aliondoka bila kununua, nikamwacha.

Mwishowe akasimamisha gurudumu kwa kiganja.

"Muulize aliwekwa mfuko gani. Hizo mara nne."

Nikapiga tena na kumpa simu akauliza mwenyewe. Sauti ya Christine niliisikia kutoka pale nilipokuwa.

"Yako, Fundi. Zote nne. Kwani tuna zingine?"

Nilifikiri Fundi atashukuru, au ataomba msamaha, jambo ambalo najua alikuwa amelifanyia mazoezi miaka tisa. Badala yake aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyetoka huko jana tu: "Bamvua ni lini mwezi huu?"

Bamvua ni siku ambazo bahari inajaa sana, matope yote yanafunikwa, na ndege wanasukumwa hadi karibu na mikoko na nyavu. Kumbe hakuwa amesahau hata kidogo. Christine alimtajia siku. Mzigo ule niliouandikia anwani haukufika ofisi ya basi, maana Fundi alipanda nao basi mwenyewe, ameupakata mapajani. Kabla ya kuondoka aliufungua kila mfuko, akapitisha kidole ndani, kwenye pembe na kwenye pindo, yote arobaini, macho yamefumbwa. Kwa kazi hiyo hakuhitaji macho.

Nilimkosa siku zile kumi. Sikuona haya kusema hivyo wakati huo na sioni sasa. Watu walikuja na zipu zao zilizokatika, nikawaambia fundi amesafiri, na nilipowaambia amesafiri nilijisikia vizuri.

Alirudi mweusi, amekonda, midomo imepasuka kwa chumvi.

"Sasa, Mama Jeremy. Huyu omena wako ameoza?"

"Ulimwona?" nikamuuliza.

"Hapana. Hatukumshika mwaka huu." Alisema hivyo akifungua cherehani, bila huzuni yoyote niliyoiona. "Tulishika wengine. Madam aliniachia wa mwisho kila asubuhi, kama zamani."

"Labda amezeeka, Fundi."

"Labda. Hata mimi nimezeeka na nilienda." Aliinua kifuniko, akakikaribia mpaka pua ikagusa mbao, akanipa chaki. "Niandikie hiyo namba tena. Andika kubwa, hii yangu siioni."

Nikaiandika kubwa, kutoka ukingo hadi ukingo. Tangu hapo kila asubuhi, kabla sijapanga omena, namtungia uzi kwenye sindano. Anasema nyuzi zake sasa zinanuka samaki. Nimemwambia ndege wa matopeni hawatajali.