Jina Alilolilia Johari

Kila nikisikia harufu ya mafuta ya nyonyo, na siku hizi ni nadra kwa kuwa watoto wanapakwa vitu vya chupa kutoka dukani, nakumbuka kilio cha mdogo wangu. Siyo kilio cha kawaida, jamani. Kilikuwa chembamba na kirefu, kinaanza jua likichomoza, kinanyamaza pale tu pumzi inapomwishia. Mama alimpaka mafuta hayo kuanzia utosini hadi nyayoni, akamkanda tumbo, akamwekea titi mdomoni. Wapi! Mtoto anageuza uso.

Zilikuwa zama za Mwingereza, kwetu Iramba, ndani ya tembe yetu iliyonuka moshi na samli. Baba hakuwepo. Alikuwa Usukuma kwenye machimbo ya almasi, na kwa miezi mingi tulichopata kutoka kwake ni salamu zilizoletwa na rafiki yake aliyepita akirudi kwao: mtoto akiwa wa kike, aitwe Johari.

"Johari ndiyo nini?" akauliza Bibi, mama yake baba, kabla mgeni hajamaliza maji aliyopewa.

"Ni jiwe, mama. Jiwe la thamani."

Bibi alipiga makofi, akacheka kile kicheko chake cha puani. "Jamani, mwanangu huyu! Kaenda kuchimba mawe, sasa hata mtoto kamwita jiwe. Haya ya kusagia hayatutoshi humu ndani?"

Msimlaumu. Kwetu jina lilikuwa habari. Mtu akiitwa Njaa au Nzige, huna haja ya kuuliza alizaliwa mwaka gani. Sasa Johari alizaliwa lini? Bibi alimuuliza hata mwalimu wa madrasa alipokuja kumwombea mtoto dua. Mwalimu akakaa vizuri, maana alipenda kuulizwa. Akasema almasi ni jiwe kali, linakata hata kioo. Lulu haichimbwi, inatoka tumboni mwa mdudu wa baharini. Kito ni jiwe lolote la kupambia pete. Lakini johari, bibi yangu, ni zaidi ya jiwe. Ni kiini cha kitu, kile kinachobaki ukishamenya yote. Hata mtu anayo johari yake, imejificha humo ndani.

"Afadhali hata hilo jiwe," alisema Bibi. "Lulu ni uchafu wa mdudu." Kisha akarudi kupepeta uwele wake.

Basi mtoto akazidi kulia, na akazidi kukonda. Mbavu zilianza kuhesabika. Mama naye aliacha kula, akawa anamtazama tu mwanawe, na mimi nilipokuwa nachota maji nilikuwa nakimbia kurudi nikiogopa nitakuta wamenyamaza wote wawili. Mwishowe Bibi akatamka kile ambacho majirani walikuwa wameshaanza kunong'ona: mtoto analilia jina. Kuna mtu wa ukoo aliyetangulia anataka kukumbukwa, na mtoto hatanyonya mpaka aitwe kwa jina lake.

Mchana ule Mama alikaa kwenye kigoda, titi nje, mtoto mapajani. Bibi akasimama mbele yao, akaanza kuwaita wafu wetu mmoja mmoja. Akitaja jina, anangoja. Mtoto analia. Anataja lingine. Aliwataja wazazi wa babu, akawataja shangazi zake, akamtaja hata mjomba mmoja mlevi ambaye hakuna aliyemtaka. Kilio kile kile. Bibi akafuta jasho kwa ncha ya kaniki, akasema, "Basi. Wamekwisha."

Mimi majina yale nilikuwa nayajua yote, kwa kuwa Bibi aliyaimba kila alipokuwa akisaga. "Bibi," nikasema, "bado Bibi Mbula."

Mbula alikuwa mke mwenza wa Bibi, aliyezaliwa siku ya mvua kubwa, ndiyo mbula kwa lugha yetu, na kufariki msimu mmoja kabla ya hapo. Waliolewa na mume mmoja, babu yetu, wakagombana maisha yao yote, na ugomvi mkubwa ulikuwa wa jembe. Mbula alisema Bibi kamwibia jembe lake zuri la chuma, na Bibi akaapa kwamba alipewa na mume. Mbula alikufa hawasalimiani. Mama alimkumbuka, bila shaka, lakini mkamwana hatamki jina la mkwe wake, hata awe marehemu. Mimi mjukuu sikuwa na mwiko huo.

Na mtoto akalidaka titi. Nawaambia kweli, alinyonya kwa kelele kama ndama, na Mama akaanza kulia yeye sasa.

Kwa desturi, hapo mtoto alipaswa kuitwa Mbula hadi kufa kwake. Sote tukamtazama Bibi. Akainama, akaokota ungo wake, akaukung'uta mavumbi yasiyokuwepo.

"Johari amenyonya," akasema. "Baba yake ndiye aliyesema aitwe Johari. Mimi ni nani nimpinge?"

Mama aliuma ncha ya kanga ili asicheke. Tangu siku ile hapakuwa na mtetezi wa jina hilo kama Bibi. Aliwaeleza majirani habari ya kiini na kumenya utadhani madrasa ilikuwa yake. Mtoto akanenepa, na kilio hakikurudi. Majirani walishangaa, maana jina alilolilia hakupewa. Hata mimi nilishangaa.

Miaka ikapita. Alasiri moja nilikuwa narudi na kuni, nikawakuta Bibi na Johari nyuma ya tembe wakimenya karanga. Hawakuniona. Bibi alikuwa akimwita mdogo wangu Mbula, kwa sauti ya chini sana, na Johari akaitika "Abee" bila kushangaa, kama mtu aliyezoea. Nikajua Bibi wetu amezeeka, akili imeanza kumtoka. Nilihuzunika, wala sikumwambia mtu.

Nimekuwa bibi mwenyewe ndipo nikaelewa kwamba akili ilikuwa timamu kabisa. Tangu siku ile ya kigoda alikuwa akimwita hivyo kila siku, kwa siri, ili mtoto aishi. Na alasiri ile nilisikia pia neno lingine, ambalo wakati huo nililiona la kichaa, kwa kuwa hapakuwa na jembe lolote pale.

"Mbula," alisema, akimjazia mtoto karanga kiganjani, "lile jembe lilikuwa lako. Haya, kula."