Nyuzi Ndani ya Ulanga

Enzi za Mdachi, mimi na dada yangu tulikuwa tukichambua ulanga, jiwe linalopitisha mwanga kama kioo, katika banda moja huko juu Uluguru. Wanaume waliuchimba, sisi wanawake tuliupasua kwa kisu, tabaka kwa tabaka, kisha kila kipande tukakiinua mlangoni kwenye mwanga. Kilicho safi kiliingia sandukuni. Chenye doa au ufa kilitupwa. Nilifumba jicho la kushoto na kutazama kwa la kulia, na hapakuwa na wa kunishinda. Nilijivuna kwa hilo, sifichi.

Masika moja jicho hilo la kulia likavimba, likawa jekundu, likauma. Nyumbani nililifunga kitambaa. Kazini nililifungua, maana bila jicho sina kibarua.

Ndipo ulanga ulipoharibika, au mimi niliona hivyo. Kila kipande kilikuwa na nyuzi nyembamba kama za buibui, na nyuma yake ukungu wenye mikunjo. Nikawa natupa tu. Nyapara akaokota kimoja.

"Hiki kina nini?"

"Kina nyuzi."

Hakuziona. Akampa dada, naye hakuziona, akanitazama kwa huruma niliyoichukia. Nikatoka nje kwa hasira, nikainua uso kwenye mawingu. Nyuzi zilikuwa huko pia. Nilipogeuza jicho zilinifuata, kisha zikatulia polepole kama machicha ya togwa. Nikaogopa sana. Kumbe zilikuwa ndani yangu.

Nyapara akaniambia nirudi jicho likipona.

Dada alikuwa ananyonyesha. Kila asubuhi nilimlalia mapajani akanidondoshea maziwa yake jichoni, kama tulivyofanyiwa utotoni.

"Bado zipo, mdogo wangu?"

"Zipo, dada."

Nikamwomba Mungu aziondoe, usiku na mchana, sikuomba kingine.

Uvimbe ukanywea, wekundu ukaisha, na maumivu nayo. Asubuhi moja nilipoamka sikuziona nyuzi hata moja. Nilipomwambia dada, alipiga kigelegele hadi mtoto akashtuka. Akanitolea kipande cha ulanga alichokuwa ameniwekea kwa ajili ya siku hiyo. Nikakiinua mlangoni, nikafumba jicho la kushoto kama nilivyozoea.

"Safi?" akauliza.

Nikamwomba afungue mlango.

Mlango ulikuwa wazi.