Mwahija Alikataa Kumtangulia Likwata

Watu wa kijiji kile cha barabarani, juu kidogo ya Mchinga, walimwona Mwahija kila asubuhi amekaa barazani kwake, amefumba macho, tasbihi mkononi, midomo ikicheza polepole, wakasema yule mama ni mcha Mungu. Waache waseme. Kulikuwa na mtu ambaye Mwahija alitaka kumzika, na ili umzike mtu sharti wewe mwenyewe uwe hai.

Mtu huyo ni Abdurahmani Likwata, mwenyekiti wa kijiji, mtoto wa baba mkubwa wa mumewe. Mwaka wa Operesheni Vijiji, watu walipoambiwa watoke mashambani wakaishi pamoja kando ya barabara, mume wa Mwahija, Maftaha, alikuwa kitandani, kifua kimembana. Alimtuma mkewe kwa Likwata kuomba wasubiriwe mpaka homa ipungue. Ombi dogo, la ndugu kwa ndugu. Likwata alimsikiliza mpaka mwisho, akamwitikia vizuri kabisa, kisha asubuhi yake akaja na mgambo akawaonyesha nyumba ile ile.

"Anzeni na hii," aliwaambia. "Wakiona sikumwonea haya ndugu yangu, wengine watahama wenyewe."

Maftaha alitolewa na kitanda chake, akawekwa uwanjani, akatazama makuti ya nyumba yake yanavyoshika moto. Huko walikopelekwa hapakuwa na paa, palikuwa na vigingi vya kupimia viwanja na mvua. Kichomi kilimmaliza kabla hawajaezeka.

Msibani Likwata alilia. Hilo Mwahija lilimchoma kuliko hata ule moto. Kabla jeneza halijaondoka, mwanamume yule alisimama akamsifu marehemu kwamba alikuwa mpenda maendeleo, watu wakaitikia. Mwahija alikuwa upande wa wanawake, akasikia kila neno.

Hapo ndipo alipoweka nadhiri. Huku kwetu mtu akiona safari yake ya mwisho imekaribia, huwaita aliowakosea akawaomba radhi, maana haki ya mtu Mungu humwachia mwenyewe aliyedhulumiwa aisamehe. Likwata alilijua hilo vizuri. Siku moja angemwita. Naye Mwahija angekwenda, angekaa kitako, angemtazama usoni, na radhi asingempa. Aliingoja siku hiyo kama watoto wanavyoingoja Idi.

Mwili ndio uliomgeuka. Alikuwa na wenzake wakipalilia muhogo katika shamba la ujamaa, kichwa kikaanza kumgonga, macho yakaingia kiza, akaanguka. Walimpeleka zahanati kwa Valentini, mganga wa pale, kijana wa Kimakonde, mpole asiyejua haraka. Valentini alimwamkia shikamoo, akamfunga mpira wa presha mkononi, akasikiliza, kisha akarudia tena.

"Mama, presha yako iko juu sana. Kuna jambo linakusumbua?"

"Nina shemeji," alisema Mwahija.

Valentini alicheka, akidhani ni utani. Alipomaliza kucheka alimwambia ukweli. Vidonge atampa, ingawa kuna miezi haviletwi. Chumvi apunguze, na ng'onda, wale samaki waliokaushwa kwa chumvi, awaache kabisa. Asipojiangalia, kiharusi kitampata, na huenda asiamke.

Mwahija hakuogopa kufa. Alichokiona ni jeneza lake mwenyewe, na Likwata amesimama mbele ya watu anafuta machozi, anamsifu.

"Nifanye nini?" aliuliza.

"Kila asubuhi ukimaliza kusali, usiinuke upesi. Kaa utulie. Fumba macho, vuta pumzi taratibu, itoe taratibu zaidi. Shika neno moja, kila pumzi na neno lako. Mawazo yakija usipigane nayo, rudi kwenye neno. Vidonge usiache, lakini na hili lifanye kila siku. Linasaidia."

"Neno gani?"

"Lolote lililo karibu na moyo wako, mama."

Hapo Valentini aliharibu, na aliharibu kwa adabu. Yeye Mkristo, aliona haimpasi kumchagulia Mwislamu jina la kumtajia Mola wake. Sasa moyoni mwa Mwahija karibu kabisa alikuwa nani? Asubuhi iliyofuata alikaa barazani, akashika tasbihi, akavuta pumzi: Likwata. Akaitoa: ufe. Akasogeza punje moja. Likwata. Ufe. Alifurahi sana siku hiyo, akaona dawa hii ni nzuri, hata haina gharama.

Sifa zake zikaenea. Wanawake wakamletea watoto wenye degedege awaombee, naye akawaombea kwa moyo safi, kwani watoto walikuwa hawajamkosea. Hata Likwata, akipita kwenda ofisini na begi lake, alisimama.

"Usitusahau katika dua zako, shemeji."

"Nikusahau vipi," alijibu Mwahija. "Kila siku nakutaja."

Lakini presha haikushuka, ilipanda. Valentini alipima mkono wa kulia, akapima wa kushoto, akaulaumu mpira, akaulaumu ubovu wa vidonge. Mwisho akauliza, "Mama, neno lako ni lipi?"

Mwahija akamwambia, bila kuona haya hata kidogo. Akamwambia na habari ya kitanda uwanjani.

Valentini aliufungua ule mpira taratibu. "Pole sana, mama," alisema. "Lakini yeye amelala zake, na mishipa inayopasuka ni yako. Ukitaka kumwona akizikwa, muda ule wa asubuhi mtoe. Mchana kutwa mchukie utakavyo, sitakuzuia. Asubuhi asiingie."

Mwahija alirudi nyumbani amefura. Kumtoa Likwata moyoni, hata kwa kitambo kidogo, aliona ni kumpa zawadi. Ila kumtangulia ingekuwa zawadi kubwa zaidi. Basi akashika Ya Latifu, uradi aliokuwa akiusikia kwa mama yake. Siku za mwanzo Likwata aliingia kwa kila pumzi, na begi lake na machozi yake ya msibani. Mwahija hakumfukuza wala hakumkaribisha, akarudi kwenye neno. Akaja tena, akarudi tena. Ikawa kazi ngumu kuliko kulima.

Ikafika asubuhi moja, akasikia mchi wa jirani ukitwanga, akasikia kuku wanavyoparura, akatanabahi kwamba Likwata hakuja kabisa. Alilia sana. Aliona kama amemsaliti Maftaha. Kisha akajifuta, akainuka, akamchukia Likwata vizuri mpaka magharibi.

Presha ikaanza kushuka. Valentini alifurahi, akawa anamtolea mfano kwa wagonjwa wengine. Habari ikafika nyumbani kwa mwenyekiti, na ilifika wakati mwafaka, kwa sababu mwenyekiti naye alikuwa ameanguka. Presha ilimpiga upande mmoja, mdomo ukaenda kando. Ziada, mkewe mpya, binti kutoka kijiji cha Sudi aliyeolewa baada ya mambo yote yale bila kuyajua, akaja mwenyewe kumwita Mwahija.

"Dada, anakuita. Anataka radhi yako. Na anaomba umfundishe ule utulivu wako, huenda ukamsaidia."

Mwahija alivaa khanga zake safi, akaenda. Njiani alitazamia moyo umwende mbio. Haukwenda. Alikaa kitako kando ya kitanda, akamtazama usoni kama alivyonuia.

"Shemeji," alisema Likwata kwa shida, "unisamehe."

"Nikusamehe nini?"

Likwata alimtupia mkewe jicho. "Yote. Binadamu tunakosana."

"Yote siyajui. Litaje moja."

Likwata aligeuza macho ukutani, hakutaja. Mbele ya mke yule aliyekuwa akimwona mtu mwema, hakuthubutu.

"Basi sijakupa," alisema Mwahija, polepole tu. "Siku utakayoweza kulitaja, tutazungumza. Ila ulitaka nikufundishe kutulia, na hilo nitakufundisha. Fumba macho. Vuta pumzi."

Likwata akafumba, akavuta.

"Sasa neno. Neno ndilo lenye kazi, na lazima liwe la karibu na moyo wako."

"Ni lile la Ya Latifu, dada?" aliuliza Ziada.

"Hilo ni langu. Lake ni jingine." Mwahija akamsogelea mgonjwa sikioni, lakini akasema kwa sauti ambayo mke aliisikia. "Sema: Maftaha."

Macho ya Likwata yalifumbuka. Alimtazama Mwahija, akamtazama mkewe. Ziada hakuelewa chochote. Alimshika mkono, akamfuta mate kwa ncha ya khanga.

"Sema, mume wangu," alimbembeleza. "Fuata anavyokuambia, upone."

"Maf... taha," alisema Likwata.

"Toa pumzi," alisema Mwahija. "Tena."

"Maftaha."

"Tena."

Alipoinuka kuondoka, jasho lilikuwa limemtoka Likwata shingo nzima. Mwahija akajifunga khanga yake vizuri, akamgeukia Ziada.

"Kila asubuhi, mwanangu. Usimwache aruke hata siku moja. Nitakuwa nikija mwenyewe kumsikiliza."