Udongo Aliouonja Mama Miche

Mama Miche hakuamini mtu wala kipimo. Aliuamini ulimi wake. Kwa miaka ishirini na miwili aliotesha nyanya na kabichi za nusu ya mtaa kwenye kitalu cha nyuma ya nyumba yake, na kila alipopata udongo mpya aliuonja kwanza, kisha akatema. Ukiwa mchachu, aliongeza majivu. Tulimtania kwamba siku moja angeomba na chumvi.

Mwaka huu alipata udongo mweusi, wa bure, kutoka kiwanja walichohama mafundi betri. Akaonja. Ulikuwa na utamu kwa mbali. Akajaza trei zote, na furaha hakuificha, maana binti yake wa pekee alikuwa amerudi nyumbani na mimba ya miezi sita, baada ya nyingine mbili kuharibika, na hamu yake kubwa ilikuwa kula udongo. Mama alimtengea kopo lake, akimchagulia mabonge laini, yale matamu zaidi.

Mbegu ziliota vizuri, kisha zikagoma. Majani yakageuka manjano. Mama Miche akamwagilia, akatia mbolea, akamlaumu muuza mbegu hadi wakanuniana. Wiki ya nne miche ilikuwa bado kimo cha njiti ya kiberiti. Mimi jirani yake niliona, nikanyamaza; nani angemfundisha kazi yule? Hilo linaniuma hadi leo.

Mwishowe akamwita bibi shamba. Huyo aling'oa mche mmoja, akausuuza kwenye beseni, akautandaza kiganjani. Mizizi ilikuwa mifupi, minene, ya kahawia nchani. Akauliza udongo ulitoka wapi. Alipojibiwa, akaenda kunawa kwa sabuni, mara mbili, nasi tukaacha utani. Akaeleza taratibu kwamba betri huacha ardhini madini mazito yenye sumu yaitwayo risasi, ambayo ulimini huwa na utamu, kwamba mvua haiyaondoi, na kwamba mzizi ukiyagusa hudumaa. Udongo wote uondolewe, alisema. Bahati nzuri hasara ni miche tu.

Mama Miche alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Na mjamzito akiula?"

Bibi shamba alitazama mlango wa nyumba, ambako binti alikuwa amekaa na kopo mapajani, akitafuna.

"Mama, ameanza kula lini?"

"Siku niliyopanda mbegu hizi."