Sanduku Lililonukia Poda

Saa mbili na dakika kumi za asubuhi, mwendesha pikipiki kutoka ziwani aliweka mfuko wa piesi kuukuu, vipuri vilivyokwisha kutumika, juu ya meza yangu, katika depo yetu ya Bunia. Nilimwaga vyote na kuvipanga: mafilta, buji za kuwashia moteri, oringi zilizokauka. Mpira wa pampu haukuwamo. Ilikuwa mara ya tatu mfululizo.

Kazi yangu ni kuhudumia boti za doria za ziwa bila kuzipanda. Ninapanga moteri ipi ifunguliwe lini na ibadilishwe nini, kisha ninapokea maombi ya piesi. Kanuni ni moja: mpya inatoka, ya zamani inarudi. Hiyo sikufundishwa shuleni. Nilijifunza mwenyewe nikiwa fundi wa pampu za wachimba dhahabu kule Nizi, ambako mtu aliweza kukuapia kwamba amebadilisha piesi, na pampu yenyewe ikamkana.

Mpira wa pampu ni kitu kidogo chenye mabawa sita, kinaenea kiganjani. Unavuta maji ya ziwa ili yapoze moteri. Mabawa yakikatika, moteri inachemka hadi inakwama kabisa. Boti iliyorudisha mfuko ule ilikuwa na moteri mbili nyuma, lakini moja ilikuwa imekufa tangu mwaka uliotangulia. Iliyobaki ndiyo iliyowafuata wavuvi wanapokamatwa na dhoruba. Nayo ikikwama katikati ya maji, wote wangeelea mpaka upepo uchoke.

Nikateremka ziwani siku hiyohiyo kwa pikipiki. Ukishapita Bogoro barabara inashuka kwa kona kali, na joto la ziwa linakupokea kabla hujaona maji. Nilimkuta fundi mkuu wa boti, mzee aliyenizidi umri, amekaa juu ya sanduku lake la mbao. Tuliulizana habari za nyumbani, akanipa samaki wa kukaanga. Nikauliza kuhusu mpira. Aliwasha moteri na kunionyesha uzi wa maji ya pampu unaoruka kutoka ubavuni mwa moteri hiyo.

"Angalia, inakojoa kama ngombe. Mutu mwenye kukojoa vile, unamupasua juu ya nini?"

Wenzake wakacheka. Nilimweleza kwamba uzi ule unatoa habari za leo tu, za kesho haujui. Kisha nikamwomba asimame afungue sanduku.

Lilinukia kama mtoto mchanga. Mipira mitatu mipya ilikuwa imelala juu ya kitambaa safi, imepakwa poda ya watoto ili isishikane, kila mmoja ndani ya mfuko wake wa plastiki. Katika depo yangu mwenyewe hakuna piesi iliyotunzwa namna ile.

"Hii ni ya siku ya mubaya," alisema.

"Muzee, siku ya mubaya itatoka ndani ya ule wa zamani, wenye uliacha mu moteri."

"Weye unasema vile juu depo iko nyuma ya mugongo yako. Siye huku, barabara ikikatika, utatuletea na nini? Na karatasi?"

Mwezi uliotangulia mvua ilikuwa imekata barabara, na mfuko wangu wa piesi ukalala njiani wiki nzima. Mpango ule nilikuwa nimeuandika mimi, mtu anayefanya kazi hatua chache kutoka kwenye rafu. Nilimwachia sanduku lake nikapanda kurudi, na moteri haikufunguliwa.

Jioni nilimsimulia mke wangu. Alinisikiliza huku akisonga bugali, kisha akasema nimekula vumbi bure kwenda kugombeza mtu mwenye tabia yangu. Termosi tuliyopewa siku ya ndoa yetu ilikuwa bado kabatini, ndani ya katoni yake.

"Unangojea mugeni gani, papa? Wote walishakuja, wakakunywa, wakarudia."

Nikamega bugali. Mzee, niliwaza, hana shida na kubadilisha mpira. Anachokiogopa ni sanduku kupungukiwa. Asubuhi niliandika ombi jipya: kila boti ipewe mpira mmoja nje ya mpango, ukae hukohuko, wala depo isiudai. Mkuu wangu aliuliza kwa nini tununue piesi isiyokusudiwa kufungwa. Nilimjibu kwamba hiyo ndiyo itakayofanya nyingine zifungwe. Alitia sahihi, akasema nimeanza kuongea kama muhubiri.

Wiki iliyofuata niliteremka tena, safari hii na mpira wa nne na kopo jipya la poda. Habari za moteri sikuzitaja. Nilimkabidhi mzee vitu hivyo viwili, nikakaa kivulini mwa boti. Aliupaka mpira poda polepole, akaulaza na wenzake, akaihesabu yote. Kisha akachagua mmoja, akafunga sanduku, akaomba aletewe kle za kufungulia moteri.

Mpira wa zamani ulitoka vipandevipande. Bawa moja halikuwepo kabisa, na mawili yalikuwa yameshikiliwa na unyuzi. Mzee aliugeuza kiganjani, wenzake wakimtazama yeye badala ya mpira.

"Kumbe ilikuwa inakojoa juu ya kuniheshimia tu," alisema.

Akanikabidhi niurudishe Bunia, kama kanuni inavyotaka. Moteri ilifungwa, ikawashwa, na boti ikatoka kabla jua halijashuka. Nyumbani nilikuta chai mezani, ndani ya termosi ya ndoa. Mke wangu hakuniomba ruhusa, nami sikuuliza katoni imekwenda wapi.

Mpira wa ziada ulikuwa dola kumi na nane, pikipiki kwa safari mbili arobaini, poda dola mbili. Moteri mpya ingekuwa elfu nne mia mbili. Tuliokoa dola elfu nne mia moja na arobaini.